Upande wa Kushoto wa Bi Kidawa

Tiketi za boti ya kwenda Dar es Salaam zilikatwa kabla mechi haijachezwa. Bi Kidawa alizikata mwenyewe, mbili, yake na ya mkaza mwanawe Riyama, na jioni ile ile akampigia simu dada yake anayekaa Upanga amwambie atayarishe chumba. Washindi wa tenisi wa klabu yao ndio wanaokwenda kucheza na wanawake wa Dar.

"Kwani mshashinda?" dada yake akamuuliza.

"Bado. Tunacheza Jumamosi."

Ndivyo alivyo. Watu wa Darajani wanamjua kwa duka lake la vitambaa vya harusi. Mteja akiingia, Bi Kidawa humtazama uso kwanza, kisha huvuta jora moja katika majora yote yaliyopangwa ukutani, akamtandikia begani, na hapo mteja ameshanunua. Tenisi aliianza utu uzima, daktari alipomwambia atembee kila siku kwa ajili ya sukari. Alitembea wiki moja akaacha. Alisema kutembea pasipo pa kwenda ni kazi ya mbuzi, yeye anataka mchezo wenye mshindi. Akaenda uwanja wa klabu ulio ukingoni mwa Mji Mkongwe, akavua baibui, ndani yake suruali ndefu na fulana ya mikono mirefu, ushungi akaufunga kwa nyuma, akaomba raketi. Waliokuwepo walidhani amekuja kumtafuta mtu.

Tangu siku hizo, wakicheza wawili wawili, Bi Kidawa husimama kushoto. Anayeujua mchezo anajua maana yake. Mwenye zamu ya kuanzisha mpira humwanzishia wa kulia, kisha wa kushoto, kisha wa kulia tena, na ile alama ya kuamua gemu mara nyingi humwangukia wa kushoto. Kwa hiyo kushoto huwekwa mwenye moyo mgumu. Bi Kidawa hakuwekwa na mtu. Alikwenda akasimama.

Riyama aliletwa uwanjani na ndimu. Alikuwa bibi arusi mpya, mzaliwa wa Matemwe, aliyesomea ufamasia na kuolewa na Hamad, mtoto wa pekee wa Bi Kidawa. Siku moja mama mkwe aliingia jikoni bila ya kutarajiwa akamkuta anakata vitunguu, kisu kimo mkono wa kushoto. Riyama alikihamishia kulia upesi hata akakaribia kujikata kidole, maana tangu utotoni alifunzwa kwamba mkono wa kushoto haupewi kazi mbele za watu. Bi Kidawa alichukua ndimu kapuni akamrushia. Riyama akaidaka kwa kushoto, bila hata kuitazama sawasawa. Wiki ile ile alinunuliwa raketi.

Hapo ndipo kosa lilipoingia, nalo liliingia kwa mlango wa heshima. Bi Kidawa alimwambia mkaza mwanawe asimame kulia. Kulia ndiko anakoketishwa mgeni, na mguu wa kulia ndio unaotangulia mtu anapoingia msikitini. Alitaka yule binti ajue kuwa amekaribishwa. Riyama alishukuru akasimama alipoonyeshwa. Wakacheza hivyo mwaka baada ya mwaka, wakashinda zaidi ya walivyoshindwa, na hakuna aliyeuliza kitu.

Jumamosi ikafika. Wapinzani wao walikuwa Indumati, daktari wa meno wa Mkunazini, na Zuleikha, mwalimu wa sekondari mwenye miguu mirefu anayependa kusimama karibu na wavu kama mlinzi wa mlango. Indumati hana nguvu nyingi, ila ana akili. Kila alipoanzisha, mpira ulikwenda nje, pembeni kabisa, karibu na mstari. Kwa Bi Kidawa aliyesimama kushoto na raketi mkono wa kulia, mpira ule alikuwa lazima aupige kwa mgongo wa mkono, mkono ukivuka kifua, na bega lake halikuwa tena bega la kuvutwa hivyo. Kwa Riyama aliyesimama kulia na raketi mkono wa kushoto, ilikuwa vile vile. Wote wawili walifukuzia mipira nje ya uwanja kama watu wanaokimbiza kuku, na iliporudi, ilirudi milegevu, Zuleikha akaimaliza kwenye wavu. Seti ya kwanza ikaenda, sita kwa tatu.

Wakakaa kwenye benchi la pembeni. Hamad alikuwepo na jagi la maji na vikombe.

"Hamad," mama yake akamwita. "Wewe uliyekaa nje, umeona nini?"

Hamad alimtazama mama yake, akamtazama mkewe, kisha akalitazama jagi. "Mimi nilikuwa natia maji."

"Seti nzima?"

"Vikombe vingi, mama."

Bi Kidawa akamwachilia. "Riyama."

"Abee, mama."

"Indumati anatufanya nini?"

"Leo anacheza vizuri."

"Hilo hata kunguru wa pale juu kaliona. Nnakuuliza anatufanya nini."

"Utakavyoona wewe, mama."

Jibu hilo Bi Kidawa analijua. Dukani kwake bibi arusi akiulizwa na mama yake kama rangi ameipenda, naye akasema "utakavyoona wewe", basi rangi hajaipenda, na kitambaa kitarudishwa kabla ya Ijumaa. Kitu kilichomshangaza ni kwamba jibu la namna hiyo amelisikia kwa Riyama miaka yote hii, na kila mara amelichukua kuwa ni ridhaa.

"Hapa si ukweni," akasema. "Hapa ni uwanjani. Sema kama unavyosema na mumeo mkiwa peke yenu."

"Msiniingize," Hamad akasema.

Riyama alikishika kikombe kwa mikono miwili. "Mipira anatutupia nje, mama. Kwako wewe inakuja mgongo wa mkono, na bega linakuuma, nakuona unavyolishika. Kwangu mie hivyo hivyo, kwa kuwa natumia kushoto. Tukibadilishana pande, wewe kulia na mie kushoto, mpira wa nje utamkuta kila mmoja wetu kwenye kiganja, upande wenye raketi. Atalazimika kutupa katikati, na huko katikati hakuna uchochoro wa kututoa nje."

"Hili umeliona leo?"

"Hapana."

"Lini?"

"Wiki ile ya kwanza."

Hamad alianza kutia maji kwenye kikombe kilichojaa.

"Na ukanyamaza," Bi Kidawa akasema.

"Ulinipa kulia, mama. Mtu akikupa kulia, utamwambiaje unataka kushoto?"

"Na mie bega lilipoanza kuniuma nilifikiri tubadilishane. Nikasema, nikimwondoa kulia ataona mama mkwe kamchoka."

Hiyo ilikuwa kweli, lakini ilikuwa nusu ya kweli, na nusu ya pili hakuitamka. Kushoto alikupenda. Alipenda kuona kwamba gemu ikibana, wote humgeukia yeye.

Mwamuzi akawaita. Sheria ya mchezo ni kwamba wachezaji huchagua pande zao za kupokea seti inapoanza, na wakishachagua hawabadilishi mpaka seti iishe. Wakikosea sasa na kuipoteza seti ya pili, hakuna seti nyingine ya kujirekebishia, na safari ya Dar imekwenda na maji.

Bi Kidawa alisimama akajifunga ushungi upya. Hakuwa na wasiwasi. Mtu anayemvalisha kila bibi arusi rangi anayoipenda yeye muuzaji hafilisiki upesi, lakini hufilisika, na yeye duka lake lina umri mkubwa.

"Nenda kushoto," akasema.

"Mama, una hakika?"

"Wewe ndiye mwenye hakika. Miaka yote hiyo umekaa nayo, itoe sasa."

Gemu mbili za mwanzo walikwaruzana kama watu waliohamia nyumba mpya. Mara moja Bi Kidawa alisahau akarudi kushoto, wakagongana mabega, na Zuleikha akauliza kule ng'ambo kama wanahitaji ramani. "Tunahitaji mpira," Bi Kidawa akamjibu. "Ulete."

Indumati akauleta, nje, kama alivyozoea. Bi Kidawa hakuwa na haja ya kuukimbilia. Ulimjia penye kiganja, akaupiga kwa mkono mzima ukampita Zuleikha ubavuni. Uliofuata ulikwenda kwa Riyama, nje vile vile, na Riyama akautuma mbali kwa mkono wake wa kushoto. Indumati alisimama akawatazama kwa muda, kisha akatikisa kichwa taratibu. Tangu hapo alianza kutupa katikati, na mipira ya katikati alikuwa hajaizoea. Seti ya pili wakaichukua, sita kwa nne.

Kilichompa Bi Kidawa taabu zaidi ya mchezo wenyewe kilikuwa mdomo wake. Kila Riyama alipopokea, ulimi ulimwasha kusema: sogea, piga chini, subiri. Akaumeza. Tena aliona jambo jingine, kwamba kulia si kiti cha mgeni. Kila gemu inafunguliwa huko, na alama zikifungana, huko ndiko anakoanziwa mtu wa kuzifungua. Hiyo nayo ni kazi.

Seti ya tatu walikuwa mbele tano kwa nne, Indumati anaanzisha, alama zimefungana. Mpira ukamjia Bi Kidawa. Aliurudisha chini, miguuni mwa Indumati mwenyewe, naye alipouchota ukanasa kwenye wavu. Ikabaki moja, na hiyo ilikuwa ya kushoto.

Bi Kidawa alisogea mbele akasimama na raketi yake kifuani, hana la kufanya. Hakugeuka kumtazama Riyama, maana kumtazama ni kumwambia. Indumati alikuwa amechoka, na mtu akichoka mkono hurudia ada yake. Akautupa nje. Bi Kidawa alisikia mlio wa raketi nyuma yake, mkavu, akauona mpira ukipita pembeni mwa Zuleikha, ukagonga ndani ya mstari na kuinua vumbi jeupe.

Walipopeana mikono kwenye wavu, Indumati alikuwa anacheka. "Bi Kidawa, mimi nilishakata tamaa kwamba mtagundua."

"Ulijua?"

"Mwaka wa tatu huu. Nikwambie halafu nile wapi?"

"Shoga yangu mbaya wewe," Bi Kidawa akamwambia, bila ya kuuachia mkono wake.

Riyama alikuwa anaokota mipira. Mama mkwe alimfuata, akainama naye pole pole kwa ajili ya goti, akaokota mmoja akampa.

"Huko Dar," akasema, "ukiona kitu, usingoje nikuulize."

"Nimekiona kimoja tayari, mama."

"Kiseme."

"Unaanza kukimbia kabla mpira haujapigwa. Kila mara."

Bi Kidawa alinyoosha mgongo. Alifikiri kidogo, akaona ni kweli, na haikumfurahisha.

"Jumatatu saa kumi," akasema. "Utanionyesha."