Kwa Shingo Upande

Kwetu Karatu tulisema "kwa shingo upande" kwa mambo madogomadogo. Jirani akiazima sufuria yako kubwa nawe una kazi nayo, unampa kwa shingo upande. Mgeni akipiga hodi umepika kidogo, unamkaribisha kwa shingo upande, naye anakula huku akijua. Mama alikuwa bingwa wa mambo hayo. Alitoa huku amenuna, watu wakapokea huku wanacheka. Nikadhani kutotaka siku zote huonekana usoni.

Kisha akaozeshwa dada yangu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sitini. Baba alikuwa na duka la sukari, mafuta ya taa na mablanketi. Kaka yake, baba yetu mkubwa, alifanya biashara Loliondo, naye alimposea mwanawe dada. Baba akakubali. Wakati huo dada alikuwa ameshapata nafasi ya kusomea ualimu, na sanduku lake la bati lilikuwa tayari. Hakulia wala hakubisha. Aliniambia tu tukichambua mchele, "Baba ameshamwahidi mkubwa wake. Nikikataa nitamwaibisha." Nilikasirika, na hasira ile ninayo mpaka leo.

Siku ya harusi ukungu wa Ngorongoro ulishuka mpaka mlangoni. Sheikh alisimama nje ya pazia la chumba chetu pamoja na mashahidi, akamuuliza dada kama ameridhia. Kimya. Akauliza tena. Nilimfinya dada mkono ili aseme neno, lolote lile. Hakusema.

"Sheikh, mwari hasemi," shangazi akamjibia. "Akinyamaza ndiyo amekubali."

Ndiyo desturi yetu. Mwari akijibu kwa sauti huonekana hana haya. Vigelegele vikapigwa, na kesho yake akapanda lori la kwenda Loliondo.

Hakukaa sana huko. Alifariki kwa uzazi, yeye na mtoto wake, gari la kumpeleka hospitali likiwa limekwama kwenye matope. Sijui kuandika jinsi nilivyoumia.

Matanga yalipokwisha, baba aliniita dukani, akarudishia mlango. Hakuwa mtu wa kuzungumza na watoto.

"Siku ile ulikuwa ndani naye," akasema. "Alikuwa anataka?"

"Alikuwa hataki, baba. Alinyamaza kwa ajili yako."

Akakaa juu ya gunia la sukari. Alikaa hapo mpaka mteja aliyekuwa anabisha nje akachoka, akaenda zake.

"Mimi ningemkatalia vipi mkubwa wangu?" akasema. "Lakini dada yako angekataa, ndoa isingefungwa, na hakuna ambaye angenilaumu. Nilisimama palepale nyuma ya sheikh, mwanangu. Nilikuwa namwomba Mungu binti yangu aseme hapana."