Ukili Uliochorwa kwa Mkono wa Kushoto

Mwaka 1968 nilikuwa na miaka tisa. Baba alifariki tukiwa Kisarawe, nikaachia shule darasa la pili nikaenda kubeba mkaa. Kalamu siijui sana. Tofali nalijua. Nimefyatua tofali mpaka nikahamia Kibaha kwenye kiwanja changu mwenyewe, na sikumpigia mtu magoti.

Mke wangu ni msusi wa mikeka. Mwaka juzi kiharusi kilimchukulia mkono wa kulia na maneno yote. Daktari akasema mkono wa kushoto ni mzima, aufanyishe kazi. Hakutaka. Alilala akitazama ukuta miezi mitano. Niliogopa kwamba ameshaamua kuniacha, ila sikumwambia mtu. Mimi si mtu wa kusema mambo hayo.

Binti yetu hutengeneza muziki kwa kompyuta huko Dar. Siku moja akaja na kishikwambi.

"Shikamoo baba. Hiki unachora, chenyewe kinaimba. Mstari ukipanda, sauti inapanda. Kinasoma kutoka kushoto kwenda kulia."

"Kinaimba au kinapiga kelele?"

"Jaribu basi, mzee wa tofali."

Nikachora mkeka wa mama yake, mzima, kona kwa kona, nikajisifu kabisa. Binti alipobonyeza, kikalia kama mashine ya kusaga iliyomeza jiwe.

"Baba, umechora ukuta!" Akacheka mpaka akakaa chini.

Hapo tukasikia kitanda kinagongwa. Mke wangu alikuwa amegeuka. Akanitazama kwa jicho lile la kumtazamia mnunuzi asiyejua mkeka, akanyoosha mkono wa kushoto. Binti akafuta uchafu wangu, akampa.

Hakuchora mkeka. Alichora ukili: utepe mmoja mwembamba, pembe juu, pembe chini, ukaenda hivyo mpaka mwisho wa kioo. Kweli bwana, mkeka hausukwi mzima. Unasuka ukili mrefu kwanza, ndiyo unaushona. Miaka arobaini naulalia mkeka wake, bado nilichora kama mpita njia.

Sauti ikatoka nyembamba, ikapanda, ikashuka, ikapanda tena. Palipotetemeka kidole, nayo ikatetemeka. Mke wangu akafumba macho, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akagonga kioo: tena.

"Mama, nikunyooshee hapa palipopinda?"

Akamfinya.

"Mwache," nikasema. "Kazi yake hairekebishwi na mtu."

Nikatoka nje kuosha uso, maana ulikuwa na vumbi.

Sasa anachora kila asubuhi baada ya chai. Wiki iliyopita alinionyesha kwa vidole kwamba anataka ukindu, majani ya kusukia. Nikaufuata Kisarawe mwenyewe. Anasuka kwa mkono mmoja na meno, mimi namshikia ncha, na nikilegeza nagongwa.

Leo nina nyumba ya vyumba vinne, shamba la mihogo kule Janga, mbuzi kumi na mmoja, kalibu mbili za tofali, kishikwambi kimoja, na ukili wa pima moja na nusu. Umelegea. Hauuzwi.