Karibu Tele, Mlango Hakuna

Asubuhi Karatu, baridi haijaachia. Lusia Simon amejifunga mtandio machoni, ametega sikio kwenye spika ya kompyuta, kidole kimoja kinabonyeza.

"Karibu," inasema kompyuta. Anabonyeza tena. "Karibu." Tena. "Karibu."

"Umesikia?" anamuuliza mwandishi. "Haya, niambie, hapo unaingia wapi?"

Lusia (31), mzaliwa wa Qurus, anatunza tovuti ya kampuni moja ya utalii mjini hapa. Imejengwa kwa Joomla, programu inayomwezesha hata asiye mtaalamu kubandika maneno na picha. Kuhakikisha asiyeona naye anaitumia ni kazi aliyojipa mwenyewe, kwa ajili ya mwenzake Ngoyai.

Ngoyai aliongoza wageni Ngorongoro mpaka presha ya macho ikampofusha. Akahamishiwa ofisini, apokee simu na kuwawekea wageni nafasi kupitia tovuti. Kompyuta ilimsomea kwa sauti kilichoandikwa kwenye kioo, na Lusia aliandika jina kwenye kila kitufe: hema, hoteli, safari ya kutwa.

"Nilichapa kazi, dada, kuliko hao wenye macho," anasema Ngoyai kwa simu kutoka kwao Endulen.

Mwaka jana, 2008, bosi wao, Eliud, alitaka tovuti ipendeze. Akaleta fundi kutoka Arusha. Wazungu si wanapenda neno "karibu"? Basi vitufe vyote vikaandikwa Karibu, pembeni kapicha: hema, kitanda, gari. Mwenye macho hapati shida. Ngoyai akabaki na karibu tupu.

"Nikamwambia, 'Bosi, huyu haoni picha.' Akanijibu, 'Atazoea.' Jamani! Atazoea nini, upofu?" anasema Lusia, sauti ikipanda.

Julai, Ngoyai akabonyeza Karibu isiyo yenyewe. Wazee waliotaka hoteli wakalazwa kwenye mahema ukingoni mwa kreta, na baridi ile! Wakashuka Karatu wanawaka. Bosi akamfukuza Ngoyai mbele yao. Fundi je? Alisifiwa.

"Nilimsaidia vya kutosha," anasema Eliud. "Biashara siyo kanisa."

Endulen, Ngoyai anauza ng'ombe mmoja mmoja ili watoto wasome. "Wakiisha, sijui," anasema.

Lusia ameomba majina ya vitufe yarudi, na Ngoyai naye arudi. Bosi anasema maneno mengi yanaharibu sura. Lakini picha kubwa ya ukurasa wa kwanza ni ya Ngoyai huyo huyo, anacheka. Hiyo bosi hataki itolewe, wageni wanaipenda.

Kila picha ina maelezo yasiyoonekana kwenye kioo, ambayo kompyuta humsomea asiyeona tu. Kwenye picha hiyo Lusia ameandika: "Huyu ni Ngoyai. Alifukuzwa kwa sababu tulimfichia mlango."

Haogopi haya yakitoka gazetini?

"Naogopa, kwa nini nisiogope? Lakini andika. Nataka Ngoyai arudi kwenye kiti chake. Bosi ana macho mawili mazima, na maneno hayo yako ukurasa wake wa kwanza. Mpaka leo hajayaona."