Mtu wa Kukanyaga Mafuta

Januari alifika Moshi mwaka 1963 akitokea Kibondo, kijana wa miaka ishirini na miwili, akaandikishwa kukata miwa katika shamba la sukari kule tambarare. Siku moja trekta lilikwama, akamsaidia fundi kufungua nati iliyokataa, na tangu hapo hakushika tena panga. Mwaka 1971, alipochoshwa na joto na kelele za kambi ya wakata miwa, alipanda Mwika kutunza lori la parokia, Bedford la zamani lililobeba saruji, mahindi, wagonjwa, na mara nyingine jeneza. Akapewa chumba nyuma ya gereji. Alidhani atakaa mwaka mmoja tu.

Watu wa Mwika hawakumtendea ubaya. Ila walipokuwa wakizungumza Kichagga na kucheka, naye akatokea, walihamia Kiswahili kwa heshima, na mazungumzo yakawa mafupi: habari za kazi, habari za gari, haya fundi. Akajifunza kupita mbali kidogo. Kwao Kibondo aliwaacha mama yake na dada yake, Juliana. Watu wa kule walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, barua mbili alizoandika zilirudi, bahasha zimechakaa pembeni. Hakuandika ya tatu.

Mwaka 1982 lori likaanza kuchemsha.

Kutoka Moshi hadi Himo, penye tambarare, lilikwenda vizuri. Likianza kupanda kuelekea Marangu, mshale wa joto ulipanda nalo, na kabla ya kufika Mwika mvuke ulikuwa unafoka kwenye boneti. Januari alisimama, akaweka jiwe nyuma ya tairi, akangoja lipoe, akafungua mfuniko wa rejeta kwa gunia bichi na kuongeza maji ya mfereji. Vipuri havikuwepo. Kila duka la Moshi lilikuwa na jibu lile lile, na mpaka wa Kenya pale Holili ulikuwa bado umefungwa.

Basi akautafuta ugonjwa kwa kuondoa moja baada ya jingine. Alikaza mkanda wa feni. Alichomoa themostati, kilango kinachopitisha maji injini ikipata moto, akaichemsha kwenye sufuria, akaiona ikifunguka sawasawa, akairudisha. Alipapasa rejeta kwa kiganja toka juu hadi chini akitafuta mahali palipopoa ghafla, maana sehemu iliyoziba haipati moto. Hakupaona. Aliwasha injini ikiwa baridi, mfuniko wazi, atazame kama kuna mapovu ya gasketi iliyopasuka. Maji yalitulia. Kila alipolisimamisha lori na kulifungua, lilikuwa zima.

"Fundi," Padri Emilian, paroko, alimwuliza, "tuliuze chuma chakavu?"

"Bado, Baba. Kuna kitu kinatokea nikiwa kwenye usukani. Nikishuka, kinaacha."

Alijisikia akisema hivyo, akayarudia maneno yale kichwani. Alirudi gereji akakaa juu ya ndoo. Ulibaki mpira wa chini, ule unaopeleka maji kutoka kwenye rejeta hadi kwenye pampu. Mpira mzee, pampu ikiufyonza kwa nguvu, huweza kunywea kama mashavu ya mtu anayevuta mrija, maji yakakosa njia. Injini ikipunguza kasi, hujaa tena, wala hutajua. Ili kuuona ilibidi mtu mmoja alale chini ya lori na mwingine akanyage mafuta.

Januari akapitisha majina kichwani. Alijua watu wengi, wote wa kusalimiana. Alifikiria kuweka jiwe juu ya pedali, akaliwaza lori likinguruma bila mtu ndani, naye yuko chini yake, akaacha.

Ndipo Dafroza, mpishi wa mapadri, akaja na sahani ya mchana. Alikuwa mwanamke wa makamo, mjane, mwenyeji wa pale pale. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akiweka sahani dirishani, akisema "Tumsifu Yesu Kristo", akijibiwa "Milele amina", akaenda zake. Siku hiyo Januari alimzuia.

"Dada, una nafasi kidogo? Naomba mguu wako."

Dafroza alimtazama. "Mguu wangu wa nini?"

Alipoelezwa, alivua kandambili, akafunga kanga vizuri, akapanda.

"Nikisema kanyaga, kanyaga taratibu. Nikisema achia, achia."

"Halitaondoka?"

"Haliko kwenye gia. Na nimeweka mawe."

Januari akalala chali chini ya injini. "Kanyaga." Mpira ulikuwa mviringo. "Ongeza." Injini ikanguruma, na mbele ya macho yake mpira ukabonyea katikati, kuta zikakutana. "Achia." Ukajaa. Alimwambia akanyage tena, na tena.

"Umeona?" Dafroza aliuliza kutoka juu.

"Niliona mara ya kwanza."

"Sasa mbona ukaendelea kunikanyagisha?"

Januari alitoka chini ya lori akijipangusa vumbi.

Ndani ya mpira palikuwa na springi ya kuuzuia usinywee, nayo ilikuwa imeliwa na kutu. Alichukua waya mnene akauzungusha kwenye bomba kutengeneza nyingine. Dafroza hakuondoka. Alikaa kwenye kizingiti, akamwuliza kwao wanakula nini. Hakuna mtu pale aliyewahi kumwuliza hivyo. Januari akaeleza ugali wa muhogo na dagaa, akaeleza mama yake, na bila kukusudia akafika kwenye zile barua mbili.

"Umemwambia Baba?"

"Nimwambie nini?"

"Amwandikie paroko wa kule. Mapadri wanafahamiana, atawatafuta watu wako."

Kesho yake lori lilipanda kutoka Himo na saruji, na mshale haukupita katikati. Jioni Januari alimwendea Padri Emilian, na barua ikaandikwa.

Jibu lilikuja baada ya miezi minne. Mama yake alifariki mwaka 1978, amezikwa katika kijiji kipya. Juliana yupo. Dafroza alipoleta sahani, Januari alisimama akamsomea barua.

"Pole sana, kaka," Dafroza alisema. Hadi hapo, kama wote, alimwita fundi. Aliketi naye mpaka chakula kikapoa, kisha akaenda kuwapikia mapadri.

Mwaka uliofuata Januari alichukua likizo, akaenda. Alimkuta Juliana mwenye mvi, na watoto sita waliojificha nyuma yake. Kiha chake, lugha ya kwao, kilikuwa kimejaa Kiswahili; alisita kutafuta maneno, na watoto wakacheka. Dada yake alimpeleka kaburini, wakang'oa majani pamoja. Majirani walikuja kumwona, wakamwuliza kuhusu theluji ya mlima, naye akawaeleza kama mgeni anayesifia kwao.

Alikaa siku tisa. Siku ya kuondoka Juliana alimsindikiza hadi penye basi, wakakaa juu ya gogo, kila mmoja akitafuta la kusema ambalo mwenzake angelijua.

"Utarudi lini?" Juliana aliuliza, basi lilipotokea.

"Nikipata likizo tena."

Alipanda, akapata kiti cha nyuma, akageuka kumtazama dada yake hadi basi lilipokata kona.