Mwaka wa Malakwang Bila Chumvi

Ukitoka lango la hospitali ya Nsambya na tumbo linalalamika, usihangaike na zile hoteli za vioo za barabarani. Teremka kuelekea nyumba za reli, pita nyuma ya kambi ya polisi, utaona turubai la bluu limefungwa kwa kamba kati ya vibanda vinne. Hakuna kibao wala bei ukutani, maana kizuri chajiuza. Husnah anapika chapati, na ukitaka atakukatia vipande na kuvimwagia maharage, chakula ambacho Kampala nzima inakiita kikomando. Ukila asubuhi unasahau njaa hadi jioni. Josias anachoma gonja, zile ndizi tamu, na hana haraka hata watu wamsimamie kichwani. Kahambu, mama wa Kikongo kutoka Beni, anauza samaki wa kukaanga kwa fufu, ule ugali wa unga wa muhogo, na majani ya muhogo. Kibanda cha mwisho, chenye dirisha dogo na moshi mwingi, ni cha Anena.

Watu walimfuata Anena kwa kitu kimoja tu, malakwang. Ni majani machachu ya kwao kaskazini. Huchemshwa, maji yake yakamwagwa, kisha yakasongwa kwa siagi ya karanga na ufuta mpaka yawe mazito, yakaliwa kwa viazi vitamu. Kusema ni rahisi. Kupika ni kazi ya ulimi, kwa sababu majani ya leo si ya jana: ukimwaga maji mno unabaki na uji wa karanga, ukimwaga kidogo mteja anakunja uso mpaka masikio yanasogea. Anena alionja mara moja, akatia chumvi kwa vidole vitatu, akafunika. Askari waliohamishiwa Luzira na Kawempe walikuwa wakirudi siku zao za mapumziko kuja kula kwake. Naye hakuwa mnyenyekevu, tusimsingizie. "Wengine wanapika," alikuwa akisema, "mimi nalisha."

Alikuwa na sheria yake: hatoki kutazama watu wanakula. Mama yake, huko Kitgum, alimfundisha kwamba kumkodolea macho mtu anayekula ni kumhesabia matonge. Kwa hiyo alipakua, akapitisha sahani dirishani, akageukia jiko. Mabenchi yalikuwa upande wa pili wa kibanda, karibu na meza ya Kahambu, na yaliyotendeka huko hayakuwa kazi yake.

Mwaka jana homa iliingia chumbani mwao. Ilimlaza yeye na mumewe, Koplo Kidega, wiki mbili. Kidega hakuinuka tena. Anena aliinuka, akamzika mumewe kwao, akarudi Nsambya, akawasha jiko, akaonja malakwang, asisikie kitu. Akaonja tena. Akalamba chumvi kavu kiganjani, ikawa mchanga mdomoni. Akanusa kitunguu, akanusa hata mafuta ya taa ndani ya dumu lake, bure kabisa. Alisimama na mwiko mkononi akiwa ameduwaa, kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta nyumba haipo. Alingoja ladha irudi wiki ile, na mwezi ule, na mwezi uliofuata.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Mpishi asiye na ulimi ni dereva asiye na macho, na hakuna abiria atakayepanda. Kibanda kile ndicho kilichomweka mjini na kumsomesha binti yake Akot shule ya bweni kule Gulu. Akaamua kupika kwa kukumbuka. Maji aliyamwaga mengi, kwa hofu ya uchachu. Chumvi aliipunguza, kwa kuwa kila mpishi anajua ikizidi haina dawa. Kesho yake hofu ilirudi, akapunguza tena, mpaka vidole vitatu vikawa viwili, na viwili vikawa kugusa tu.

Na sahani zilirudi tupu. Hilo ndilo lililomdanganya. Mwezi baada ya mwezi hakupungua mteja hata mmoja, na Anena akajiambia kwamba mikono yake inajua kuliko ulimi. Akaanza kuringa upya. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wanasema, na huyu wetu hakungoja hata kusifiwa, alijisifu mwenyewe.

Sasa Jumanne moja saa sita kamili akafika Afande Okullo. Huyu ni polisi mstaafu, mtu wa Lira, na ndiye huwa wa kwanza dirishani kila siku ya Mungu. Siku hiyo alikuja na kofia mkononi.

"Mama Akot," alisema, "Jumamosi wakwe wanakuja kwangu. Wanaleta mahari ya binti yangu Docus. Watu kama mia moja, wote ya kwetu Lira. Nataka malakwang yako, sitaki ya mtu mwingine."

Anena alikubali kabla hajamaliza. Kupikia wakwe si kuuza sahani dirishani. Wakwe wakila vibaya, bibi harusi huambiwa habari hiyo mpaka awe na wajukuu. Okullo kuchagua jungu lake mbele ya wanawake wote wa Nsambya ilikuwa heshima ambayo hata Kidega, Mungu amrehemu, angeitembeza kambi nzima.

Okullo akachukua sahani yake akaenda kukaa, akasahau simu dirishani. Mara simu ikaanza kulia. Anena alimwita, sauti ikafia katika mchemko wa mafuta ya Kahambu. Simu ikanyamaza, ikaanza tena. Ikabidi afute mikono kwenye leso, aichukue simu, atoke mlangoni, azunguke.

Penye kona alisimama.

Watu kumi na mmoja walikuwa wameketi na sahani zake mapajani, na hakuna aliyekuwa anakula. Walikuwa wanangoja zamu. Kopo la maziwa ya unga lilipita mkono kwa mkono, na ndani yake mlikuwa na chumvi. Nyuma yake ilifuata sahani ya ndimu zilizokatwa. Kila mmoja alikamua, akanyunyiza, akakoroga polepole kama mtu anayekoroga dawa, ndipo akala. Walifanya hivyo bila kutazama, kwa mazoea, jinsi watu wanavyonawa mikono. Kahambu mwenyewe alikuwa amesimama na kisu, anakata ndimu nyingine.

Mwishoni mwa benchi aliketi muuguzi mmoja mgeni. Alionja kabla kopo halijamfikia, akasita, akamgeukia Okullo kwa adabu ya Kiganda. "Ssebo, hii chakula mbona haina chumvi?"

"Sema polepole, nyabo," Okullo alimjibu. "Mama ya hapa ana msiba. Kwa kabila yake, mjane hatii chumvi mpaka mwaka inaisha. Tia hii, kula, na usimwambie."

Simu ililia tena mkononi mwa Anena, na wote wakageuka.

Mtu anaweza kupigwa na radhi, anaweza kupigwa na radi, lakini mimi sijui jina la kile kilichompiga Anena pale. Alitazama kopo, akatazama ndimu, akatazama vinywa vya watu aliowalisha miaka tisa. Kijiko cha muuguzi kilikuwa kimebaki hewani.

"Tangu lini?" aliuliza.

Kahambu akaweka kisu chini. "Tangu nilikuya hapa, Mama Akot. Siku ya kwanza nilikula kwako, nikaona haina chumvi. Nikauliza watu, wakaniambia bwana yako amekufa. Miye nikazani njo desturi ya kwenu. Nikasema basi, chumvi nitaweka miye."

Anena akamgeukia Okullo. "Na wewe, afande? Wewe ni mtu wa kaskazini. Mjane asiyetia chumvi umemwona wapi?"

Okullo alikuna shingo. "Mimi ni mtu ya Lira. Nilifikiri hiyo ni desturi ya Kitgum."

"Mimi nilifikiri ni ya Wakristo wote," Husnah alisema kutoka kwenye kikaango chake cha chapati. "Sikutaka kuuliza, isiwe kama nawasema."

Huo ndio mtaa ule. Kila mtu anaheshimu mila ya jirani yake mpaka haulizi kama ipo. Karibu mwaka mzima walikuwa wamekula chakula kisicho na ladha kwa adabu, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kusema neno kwa mwenye jungu. Anena alitaka kucheka na alitaka kuwatupia kopo lile. Aliona aibu. Yale maringo yote dirishani, "mimi nalisha", na nyuma ya ukuta watu wanajipikia upya.

Okullo akainuka, akampokea simu yake, akasema kwa upole wa mtu anayeleta habari njema. "Usione haya, mama. Sisi tumehesabu. Mwaka inatimia Alhamisi. Ndiyo maana niliwaambia wakwe waje Jumamosi. Sisi wote hapa tunangoja."

Anena akatazama benchi zima. Kweli walikuwa wanangoja. Nyuso zilikuwa zimeanza kuchangamka, hata za wale wasiosema kitu. Kwa watu wale ilikuwa imebaki Jumatano na Alhamisi tu, kisha malakwang ya Anena irudi ilivyokuwa. Hilo lilimshtua kuliko kopo. Walikuwa wamengoja kwa subira yote hiyo kitu ambacho yeye alijua hakiji.

Na uongo ulikuwa umeshaandaliwa mezani, umekatiwa na ndimu. Angesema tu, "Asanteni kwa kuniheshimia msiba wangu," na heshima yake ingebaki nzima mpaka Jumamosi. Alifungua kinywa aseme hivyo. Kisha, kwa jicho la mawazo, akamwona Docus ameinamisha kichwa mbele ya wakwe mia moja, na kila mkwe na kijiko kimesita hewani kama kile cha muuguzi.

"Hakuna desturi," alisema. "Hakuna kabila linalofanya hivyo. Ni ulimi wangu. Ile homa iliyomchukua Kidega ilichukua na ulimi. Sisikii chumvi, sisikii uchachu, hata moshi sisikii. Napika kama kipofu anavyoshona."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Anena aliumbuka yu hai, amesimama, na aproni imejaa karanga.

Okullo aliketi. "Sasa mimi nitafanya nini, Mama Akot? Wale watu wanajua malakwang. Wamekula tangu utoto."

"Tafuta mpishi mwingine, afande."

"Jumamosi iko karibu."

"Najua iko karibu."

Kahambu alikuwa amerudi kwenye samaki wake. Akasema bila kugeuka, "Ulimi yangu iko."

"Wewe hujawahi kuila ilivyo," Anena alimjibu, na ukali ulimtoka bila kuutaka. "Ulipofika hapa ilikuwa imeshaharibika. Utajuaje kama imefika?"

"Utaniambia," Kahambu akasema.

Anena hakuwahi kumruhusu mwanamke mwingine atie kijiko katika jungu lake, hata Akot aliyemzaa. "Jumamosi alfajiri," akamwambia Kahambu. Kisha akaingia kibandani kuzima jiko, na siku ile hakuuza tena.

Jumamosi alfajiri walikuwa nyuma ya nyumba ya Okullo, wao wawili na sufuria mbili ambazo ungeweza kuogeshea watoto. Anena alimwaga maji ya kwanza. Kahambu akaonja.

"Kali."

"Kali namna gani? Kali kuna nyingi."

"Kama ndimu."

"Hiyo bado." Akamwaga tena, akaongeza maji, akachochea. "Na sasa?"

"Kama embe bichi."

"Embe lililo mtini bado, au lililoanguka lenyewe?"

Kahambu alifikiri. "Ya mti."

"Mwaga kidogo tena."

Waliendelea hivyo mpaka jua likapanda. Anena hakujua kwamba anayo maneno mengi kiasi kile. Miaka yote ladha ilikuwa jambo la kidole na ulimi, na sasa ilimlazimu kuitafuta kichwani na kuisema kwa sauti. "Uchachu uje mbele," alisema. "Karanga iufukuze polepole, isiukimbize. Chumvi iwepo, lakini isitaje jina lake." Kahambu alisema hayo ni mahubiri, si upishi. Wakagombana juu ya chumvi, wakagombana juu ya ufuta. Okullo alipita kila dakika tano akiwa na fulana ya ndani, mikono nyuma, kama yuko lindo.

Kwa mara ya tisa Kahambu alionja. Alifumba macho mpaka Anena akadhani amejiunguza. Kisha akapeleka kidole chini ya sikio lake la kushoto, pale taya linapoanzia, akabonyeza.

"Mama Akot, imenikamata hapa."

Anena aliduwaa na mfuniko mkononi. Alikuwa amemweleza mengi, lakini mahali pale hakumtajia. Hakuwa amemtajia mtu yeyote, kwa sababu hakuwahi kufikiri mahali pale pana haja ya kutajwa. Ndipo ilipomkamata yeye tangu akiwa mtoto jikoni kwa mama yake, chini ya sikio la kushoto, kila mara majani yalipofika penyewe.

"Sema tena," alisema.

"Hapa." Kahambu akachota kijiko cha pili, kisha cha tatu, na hivyo havikuwa vya kuonja. "Hii njo mulikuwa munakula mbele ya miye kukuya hapa?"

"Hii ndiyo."

"Na miye nilikuwa naweka watu chumvi juu ya ile ingine." Kahambu alitikisa kichwa kama mtu aliyeibiwa mwaka mzima.

Anena akaketi juu ya gunia la viazi akalia, waziwazi, mbele ya wanawake waliokuwa wakimenya, jinsi ambavyo hakulia hata kaburini kwa Kidega. Kahambu hakumbembeleza, alikuwa na kijiko kinywani. Okullo alifika kuuliza kama iko tayari, akawaona wote wawili walivyo, akaenda kuvaa koti lake bila kuuliza.