Waliodhaniwa Hawahitaji Kuulizwa

Wauguzi walimbandika jina la Bi Dodoso, na jina likamganda kama ruba. Angejitetea vipi daktari mtafiti aliyezunguka wodi ya saratani miaka miwili na rundo la karatasi kwapani, akiwauliza wanawake maswali arobaini na moja? "Huyu akikaa sana karibu na ukuta," walitania, "ukuta nao utajibu."

Alichotafuta kilikuwa kimoja tu. Wasichana na wanawake waliotibiwa saratani wakiwa bado na umri wa kuzaa, je, kuna aliyewaambia kabla ya dripu ya kwanza kwamba dawa zile zaweza kuwafungia uzazi? Maana njia ilikuwepo. Si kwa wote, lakini wako ambao mayai yao yangetolewa na kugandishwa mapema, yakawangoja wapone. Kati ya sitini na wawili aliowahoji, walioambiwa walikuwa watano. Mmoja wao aliambiwa na mfagiaji.

Daktari bingwa wa wodi aliyasoma matokeo, akavua miwani, akaifuta weee.

"Mgonjwa akifika hapa, nyumba yake inaungua. Mimi nazima moto. Wewe unataka nimuulize mapazia anapenda rangi gani?"

"Mtoto si pazia, daktari."

"Kwanza aishi."

"Aishi, ndiyo. Na aulizwe."

Bingwa alimrudishia karatasi zake.

Jioni ile alifika nyumbani kafura. Aliishi na mdogo wake, mwalimu wa hesabu, aliyeugua saratani ya tezi za limfu akiwa na miaka ishirini na minne, akapona. Mwaka wa kumi na moja sasa. Kupona alipona, ila hedhi haikurudi, na habari ya watoto kila mtu pale nyumbani aliipita kwa mbali kama shimo njiani. Mwalimu alikuwa mezani akisahihisha madaftari huku dada yake akimwaga hasira, takwimu baada ya takwimu. Ghafla akaweka kalamu chini.

"Dada, hao sitini na wawili umewauliza. Mimi je?"

"Wewe ni ndugu yangu. Utafiti haukubali."

"Sisemi utafiti."

Bi Dodoso akakaa. Alitazama mikono yake kwanza.

"Nilijua," alisema. "Nilikuwa mwaka wa nne wa udaktari, tulishafundishwa. Niliogopa ukisikia utaahirisha dawa, na ukiahirisha tutakuzika. Nikanyamaza."

Jikoni bomba lilidondosha tone, kisha jingine.

"Huenda ningeahirisha," mwalimu alisema polepole. "Huenda nisingeahirisha. Lakini angeamua nani? Mwili wa nani ule?"

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Leo sijui. Usinisukume."

Siku tisa waliishi kwa salamu tu. Siku ya kumi mwalimu aliomba kuliona lile dodoso, akalipitia kwa kalamu nyekundu kama la mwanafunzi mzembe. Pale palipoandikwa "Je, ulipatiwa taarifa kuhusu athari za tiba kwa uzazi," alikata mstari mzima, akaandika juu yake: "Kuna aliyekuuliza unataka nini?"

Bi Dodoso alirudi kwa bingwa bila takwimu. Safari hii alimweleza alichomtendea mdogo wake, hakujipamba hata kidogo. Bingwa alisikiliza, akakohoa, akatazama dirishani.

"Andika ukurasa mmoja wa kuwasomea wagonjwa," alisema hatimaye. "Ukizidi siupokei."

Ukurasa ukaingia kwenye mafaili. Mwanamke wa kwanza kusomewa alikuwa fundi cherehani mwenye saratani ya titi. Bi Dodoso alimweleza yote, la kutoa mayai na la kuyagandisha, pamoja na ukweli kwamba hata yakitunzwa hayana hakika ya kuleta mtoto. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka.

"Mwenzangu, nina watatu na wananimaliza. Wa nne nimtafute barafuni?" Akamshika mkono. "Lakini ahsante. Tangu niugue, watu wananiamulia hata upande wa kulalia."

Bi Dodoso alipomsimulia mdogo wake, mwalimu alicheka kwa hilo la barafu mpaka akajishika mbavu. Kisha kicheko kikageuka kilio, kile kilichongoja miaka kumi na moja. Dada mtu alivuta kiti, akakaa ubavuni pake, na mwalimu akamlalia begani.