Jumamosi ya Busaa Changa

Wewe ushawahi kusikiza pombe? Si kunywa, nasema kusikiza. Ukiweka sikio kwa pipa ya busaa siku ya pili, inaongea, tss, tss, kama maharagwe ikianza kuchemka. Sasa yangu ilinyamaza. Wacha nikuambie.

Ilikuwa miaka ya tisini, Mbotela hapa Nairobi, zile nyumba za kaunsil. Kwa laini yetu tulikuwa wamama wanne wa kupika busaa, na tulikuwa na zamu. Mmoja akipika, wengine wanatulia, ndio tusinyang'anyane wateja. Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wanaume wa viwanda vya Industrial Area wakiwa wamelipwa, hiyo tulikuwa tunampea mwenye ako na shida kushinda wengine.

Mwezi huo shida ilikuwa yangu. Mjukuu wangu, msichana niliyemlea mimi, alikuwa ameitwa shule ya bweni huko kwetu magharibi. Jumatatu aingie basi, na hakuna sanduku, hakuna godoro. Baba yake alikuwa ameachishwa kazi. Jirani wa mlango wa pili ndiye zamu ilikuwa yake hiyo Jumamosi, akanipea.

"Chukua, dada. Lakini usituaibishe."

Nikachukua. Lakini mwili, woi! Asubuhi nafulia watu nguo mtaa wa Jericho, mgongo haunyooki, halafu nakuja kukaanga unga. Ule unga wa mahindi umeshachacha, unaumwaga kwa bati juu ya moto, unageuza na beleshi, moshi inakuingia macho, mpaka ukuwe rangi ya mchanga wa mto. Halafu unauanika upoe kabisa. Hapo ndio unaweka maji na kimea ya wimbi, ile inaamsha pombe. Kwetu hata mtoto anajua hiyo. Mimi Jumatano nikaketi kando ya huo unga, nikasinzia, nikaamka nikidhani nimechelewa, nikachanganya yote kwa pipa. Unga bado moto. Kimea nikaiua na mikono yangu.

Alhamisi nikaweka sikio. Kimya. Nikaita jirani. Akachovya kidole, akaramba.

"Dada, hii ni uji."

"Usiseme hivyo."

"Ni uji! Sasa tuitie watoto wa nasari?"

Nikacheka, halafu nikalia. Kimea ilikuwa imeisha, na hata ya kusimama sikuwa na nguvu.

Kulikuwa na mama mwingine hapo, wa kutoka Murang'a, ameokoka kabisa. Siku za kupika hakuwa anatusalimia vizuri. Lakini kila Jumamosi alikuwa anaweka sufuria ya githeri pale nje, mahindi na maharagwe ya kuuza, na wanywaji wetu ndio wananunua. Akasikia kilio, akakuja.

"Ati Jumamosi hakuna busaa?"

"Hakuna."

Akashika kiuno. "Mama, mimi nimeokoka. Githeri yangu bado."

Tulicheka! Na hakungoja. Akabeba mfuko wake wa Biblia, akaenda soko ya Jericho kwa mama wa kimea, akarudi nao umejaa kimea, akiangalia nyuma kama mwizi. Jirani akanisukuma nikalale. Wao wawili, mlokole na mpika pombe, ndio walikoroga hiyo kimea kwa ule uji, umeshapoa.

Jumamosi mchana pipa ilikuwa inaongea, lakini polepole. Busaa ilikuwa changa, tamutamu. Mzee mmoja wa kiwanda ya misumari akaonja.

"Mama, leo tunanyonyeshwa?"

"Kunywa unyamaze," jirani akamwambia. "Hiyo ni sanduku ya mtoto."

Huyo mzee akaangalia mkebe wake, halafu akaita wenzake huko kwa barabara, "Njooni hapa tukunywe sanduku!"

Wakakunywa mpaka pipa ikabaki machicha. Githeri ikaisha. Mama mmoja wa kuuzia wanywaji njugu akaenda nyumbani na kikapu tupu, hata kuku za laini zikashiba machicha.

Jumapili tukanunua sanduku ya bati na godoro. Miguu yangu ilikuwa imevimba kama ya mtu mwingine. Nikajilaza juu ya hiyo godoro, nikasema naijaribu tu. Mjukuu akaketi chini, akaanza kunikanda miguu, bila kuambiwa.

"Kukhu," akasema, vile kwetu tunaita nyanya, "shule zikifungwa hutashika beleshi. Mimi nitakaanga, mimi nitachuja, na pipa nitaosha. Wewe utalala mpaka uchoke kulala."